Damu Tuliyokopa Mlimani

Mwezi wa Julai mwaka 2023, kipupwe kikiwa kimekolea, nilimpandisha mjukuu wangu Wafa katika Milima ya Taita, naye hakuwa ametimiza miaka sita. Tulikuwa wanawake watatu tuliofundisha pamoja Kilifi hadi tulipostaafu: mimi, Widad jirani yangu wa Takaungu, na Idah, ambaye kwao ni Wundanyi na ambaye kaka yake alikuwa na nyumba ya wageni huko juu. Dereva wetu alikuwa Charo. Mamake mtoto, binti yangu Swabra, alikuwa ameitwa Nairobi kwa mafunzo ya kazi ya wiki nzima, na hapakuwa na mwingine wa kumwachia.

Swabra alisita sana juu ya ile baridi. Wafa alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa katika ukoo, nao huchochewa na baridi na kiu. Niliahidi soksi, niliahidi meko. Hatimaye aliniandikia karatasi, jina la ugonjwa likiwa juu: ameze kidonge chake asubuhi, avae nguo mbili mbili, anywe maji kila nusu saa, atake asitake. Alipomkabidhi kwangu alirudia neno moja tu.

"Mama, mengine yote nitakusamehe. Maji usimnyime."

Niliikunja ile karatasi, nikaitia mkobani na kufunga zipu.

Wenzangu sikuwaambia. Widad alikuwa ameleta posa ya mwanawe Alamin kwa binti yangu mdogo, Sheikha, na jibu lilikuwa bado halijatoka. Kwetu watu hawavunji posa kwa maneno makali. Huacha tu kuja, kisha husikia sababu kwa majirani. Mtoto anayekunywa maji kila nusu saa, na kushushwa garini kila nusu saa, huulizwa ana nini.

Basi njia nzima chupa ilikaa miguuni pangu. Wafa aliomba maji Mariakani. Aliomba tena tulipofika Maungu, na Charo akapunguza mwendo, akaniambia kwa adabu kwamba pale pana duka na kivuli, mtoto angeweza kushuka kidogo. Nilimjibu kuwa mtoto aliyelelewa husubiri.

"Huyu hajastaafu," Widad akamwambia Idah. "Hebu muulize kengele ya mapumziko italia saa ngapi."

Walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka thelathini na minane, na nidhamu ilikuwa kisingizio kilichonikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushonewa.

Huko juu ukungu ulikuwa umeyafunika mashamba ya kabichi, miti ikionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Wafa hakuwahi kuiona pumzi yake. Alisimama barazani akipuliza, akaniita nitazame.

"Bibi, natoa moshi lakini siungui."

Widad akamwambia apunguze moto, wali utashika chini. Mtoto alicheka hadi akakaa sakafuni. Nilingoja wenzangu waingie ndani, ndipo nikampa maji, nusu kikombe, kama mtu anayeficha kosa. Jioni ile nilijihesabu kuwa bibi mwema.

Asubuhi yake tulikwenda kwa miguu hadi kwenye jabali ambapo wageni hupanda kuitazama nyika ya Tsavo. Manyunyu yalitukuta njiani. Wafa alisema magoti yanamuuma. Nikamwambia asideke mbele ya watu. Kufikia adhuhuri midomo yake ilikuwa imepauka, viganja vimekosa rangi, na upande wa kushoto wa tumbo umevimba na kukaza. Hakulia. Alikuwa ameacha kuniomba chochote.

Charo alituteremsha hadi hospitali. Tabibu kijana alimwinamia mtoto, akaniuliza kama ana ugonjwa wowote wa damu. Widad alikuwa amesimama ubavuni mwangu, viatu vya Wafa mkononi.

"Hana," nikasema.

Wakampima malaria, wakangoja majibu. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, kwa hiyo najua zilipita dakika hamsini. Kisha nikafungua zipu nikampa tabibu karatasi ya Swabra. Aliisoma kwa kusimama, akaenda mbio kutafuta damu. Hospitali ilikuwa na painti moja tu ya kundi lake. Walipokwisha kumtundikia, muuguzi aliniletea daftari niweke sahihi kwamba jamaa wa mgonjwa watamleta mtu wa kuirudisha, kwani friji sasa ilikuwa tupu kwa yeyote atakayefuata. Niliandika jina langu kwa mwandiko safi.

Widad aliisoma karatasi pale ilipoachwa mezani. Akaja kuketi nami kwenye benchi.

"Ungeniambia, Mwalimu," akasema. "Kwetu wamo wawili kama yeye."

Wafa alifariki kabla ya alasiri. Nusu ya damu ilikuwa bado imo mfukoni.

Tulimzika Takaungu siku iliyofuata. Swabra alifika kwa ndege ya asubuhi, akanikuta nimeketi na wanawake, akawaomba watupishe.

"Maji alikunywa?"

"Njiani nilimnyima."

Mengine nayo nilimweleza kwa mpangilio, na lile neno nililomjibu tabibu, bila kuacha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoka kwenda kuwapokea waliokuja kutoa mkono wa pole. Kwa siku arobaini aliniamkia shikamoo kila asubuhi, kwa kuwa nilimlea hivyo, na zaidi ya hapo sikupata.

Arobaini ilipopita alikuja mlangoni pangu amekwisha kuvaa buibui. Muuguzi wa mlimani alikuwa amepiga simu, akasema. Jina langu lilikuwa bado limo daftarini. Charo alitungoja nje. Tulisafiri tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Nilikuwa nimekwisha kukunja mkono wa nguo muuguzi aliponiuliza umri wangu. Sitini na minane, nikamwambia. Alinieleza kwa upole kwamba mwisho wao ni sitini na mitano. Nilimwambia kuwa sahihi ni yangu na deni ni langu. Alisema anaelewa, lakini damu yangu hawezi kuichukua.

Swabra alikuwa amekwisha kujilaza kitandani, mkono ameunyosha.

"Unamlipia nani?" muuguzi akamwuliza, kalamu ikiwa juu ya daftari.

Swabra aliugeuza uso kuelekea ukutani.

"Mama yangu."

Sindano ikaingia. Nilisimama mlangoni hadi mfuko ulipojaa, na muuguzi akapiga mstari juu ya jina langu.