Ndugu wa Kwenye Karatasi

Hii mutasema ni uongo. Kulikuwa mama mumoja wa mutaa wa Kinama, mwenye alizaa mutoto mumoja tu maisha yake yote. Mutoto akapotea. Nyuma ya miaka ine, akapata mutoto mwingine, mwanaume muzima mwenye ndevu, na mwenye kumuzalia ilikuwa dosiye ya tribunali. Ndiyo, dosiye, faili ya mahakama, tena ya kampuni iliyofilisika. Sikiliza pole pole, usiruke hata kipande moja.

Tuko mwaka wa 1999. Mukaza wa yule mama, ndiyo bibi ya mutoto wake, anaitwa Concilie. Bwana yake Concilie, Révérien, alikuwa anapika sabuni kwenye kiwanda, kule quartier industriel, mutaa wa viwanda, kwenye masufuria yenye kimo ya nyumba. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, 1995, alitoka kwenda kazini na hakurudi. Wiki ile vita iliingia, Kinama yote ilikuwa inakimbia. Concilie alibeba Benite, mutoto wao, mugongoni, akashika mukono ya mabukwe, ndiyo mama ya bwana yake, wakaenda mpaka Uvira, ngambo ya mupaka. Mwaka wenye ulifuata walirudi, wakakuta nyumba bila mabati. Révérien hayuko. Maiti haiko. Mutu wa kusema mi nilimuona, hakuna.

Sasa, kwao matanga haiishe mpaka familia iganduke. Watu wanakaa siku moja, wanakunywa pamoja, wanataja jina ya marehemu, na mujane anatoka kwenye kilio. Mabukwe alikataa. Alisema mutu hagandukie mutoto wake kama hajui siku alikufa wala fasi amelala, mahali pa kaburi. Salopeti ya pili ya Révérien, ile nguo ya kazi yenye alibakisha nyumbani, mabukwe alikuwa anaikunja chini ya godoro, kila siku ya posho, jumamosi, anaianika kwenye jua, na hakutaka ifuliwe, ju mwenyewe akirudi ataitaka vile aliiacha. Kwa hiyo Concilie alikaa katikati, si bibi ya mutu, si mujane. Kwenye harusi za majirani hawakumuita. Hata kucheka alikuwa anachekea ndani ya kitambaa.

Siku moja, pale kwenye robine, bomba ya maji ya mutaa, mama mumoja akamuambia kiwanda ya kwa Yorgo, ile ya Révérien, imekufa. Embargo iliimaliza, inchi ilifungiwa bidhaa za inje, soda ya kupikia sabuni haikuingia tena, na sasa tribunali ya biashara inalipa wafanyakazi wa zamani, hata wajane wao. Concilie alipiga hesabu yake moyoni. Akipata mushahara ya mwisho ya Révérien atanunua vinywaji vya kuganduka, avipange nyumbani, na mabukwe akiona makreti iko tayari pengine atakosa nguvu ya kukataa.

Siku ya kwanza ya juma alikuwa kwenye grefe, ile chumba ya tribunali wanapotunza dosiye. Karani alikuwa muzee Népomuscène, mwenye miwani ya mukono moja, upande mwingine kamba. Alimuuliza anatafuta nani. Concilie akaanza kueleza, vita, Uvira, mutoto. Muzee alimuacha amalize, halafu akamuambia bila ubaya:

«Mama, huku mutu hatafutwe kwa habari yake. Anatafutwa kwa jina ya kampuni.»

«Kwa Yorgo,» Concilie akasema.

Muzee akafungua kitabu kubwa ya majina, akapita kwenye Y, hakuna. Akapita kwenye K, hakuna. Akamueleza vile kazi inaenda: kitabu hii inakupatia namba, namba inakupeleka kwa kitabu ya mwaka yenye kampuni ilitangazwa kufilisika, na ile ya mwaka ndiyo inakuonyesha etajere, ile rafu ya dosiye. Ukikosa jina ya kwanza, unaweza kulala hapa mwezi muzima na dosiye yako iko kichwani pako, juu ya kabati. «Yorgo ni jina ya mudomoni,» akasema. «Mudomoni hatuna etajere.»

Concilie alirudi kwa mguu mpaka Kinama, anajiuliza. Bwana yake alifanya kazi pale miaka tisa, na hakuna siku mutu alisema jina ingine. Kwa Yorgo, ndiyo hiyo tu. Alipofika mulangoni, akakumbuka salopeti. Kwenye mufuko ya kifua kulikuwa maandiko ya uzi mwekundu.

Kuomba ile nguo ilikuwa kama kuomba jicho ya mutu. Mabukwe alimuangalia muda murefu.

«Unatafuta jina ya kampuni, ama unatafuta kaburi ya mutoto wangu?»

Mabukwe akainua godoro mwenyewe, akaikunjua, akaishika kwa mabega hivi, kama mutu yuko ndani. SOGRATA. Concilie aliandika herufi moja moja kwenye kiganja chake, na bik, kalamu ya Benite.

Kesho yake, muzee Népomuscène hakutumia hata dakika tano. Jina, namba, mwaka, etajere. Dosiye ilikuwa nene kama tofali, imefungwa kwa kamba. Akamufungulia kwenye liste ya wenye wanadai kampuni, wafanyakazi mbele, wenye mabanki nyuma. Kidole cha Concilie kilishuka mpaka namba arobaini na moja. Révérien. Na pembeni ya jina: amelipwa. Na pembeni tena, signature, sahihi yenye haikuwa ya Concilie.

Alifikiri, dakika ile, bwana yake ni muzima. Muzee akamusukumia kiti, akageuza karatasi, ju nyuma ya kila jina ya marehemu kunakuwa deklarasyo, maelezo ya mwenye alipokea. Akamusomea kwa sauti ya chini. Mwenye kupokea ni Astère, mudogo wa marehemu, wa tumbo moja. Marehemu alikufa tarehe tisa mwezi wa sita 1995, ngambo ya muto Ntahangwa, nyuma ya matanuri ya matofali. *Nilikuwa pale, na nilimuzika na mikono yangu.*

Révérien hakuwa na mudogo. Hakuwa na ndugu yeyote. Lakini Astère, Concilie alimujua. Walikuwa wanapika sabuni kwenye sufuria moja, na siku za yenga, jumapili, alikuwa anakuja kula kwao mpaka vita ilikata muji vipande, kila mutu na mutaa wake.

Muzee akavua miwani. Akamueleza hesabu ya ile kampuni itafungwa siku ya tano ya juma, saa tisa. Mbele ya hapo anaweza kuandika karatasi ya kupinga, polisi watamuleta ule mutu, watamufunga, na franka zitatafutwa kwake. Baada ya hapo ni kwisha. Akamuandikia ile karatasi palepale, bure, akaacha fasi ya signature.

«Akifungwa,» Concilie akauliza, «atanionyesha fasi yenyewe?»

«Mama, mutu mwenye kufungwa anasema hakuandika kitu.»

Jioni alimuambia mabukwe yote. Mama hakulia. Aliuliza tu yule mutu iko wapi siku hizi. Wenye walifanya kazi kwa Yorgo walijua: yuko mutaa wa Jabe, anauza sabuni yenye anapika mwenyewe kwenye pipa. Franka za Révérien zilikuwa zimegeuka pipa na soda.

Asubuhi wakaenda wawili, mabukwe na salopeti kwapani. Astère alikuwa anakata sabuni kwa waya. Aliona nguo mbele ya kuona sura zao, na ile kipande ilikatika mushazari.

«We ndiyo Astère?» mabukwe akauliza, kama hamujui.

«Ndiyo, mama.»

«Karatasi ya tribunali inasema mi nilikuzaa. Nilikuzaa lini?»

Muuza mukaa wa pembeni akacheka, akamuambia mama amurudishe tu tumboni, ju hata deni ya mukaa anakataa kulipa. Hakuna mwingine alicheka. Astère alifunika sabuni na kitenge, akatangulia, wakamufuata.

Nyuma ya matanuri kulikuwa majani marefu, na mawe matatu mutu aliyapanga. Alipiga magoti, akang'oa majani. Akasema watu walimuulia Révérien hapo, na mawe haya ndiyo aliyapata. Concilie alimuuliza jambo moja tu. Kama ulikuwa pale, ulikuwa na nani?

Astère akaeleza. Vijana wa mutaa yake walikuwa wamefunga njia na barriere, walimulazimisha kusimama nao. Révérien akafika, anatoka kazini.

«Nilisema namujua, Mama Benite. Nilisema ni kama ndugu yangu.»

«Ulisema kwa sauti?»

Maji ya Ntahangwa ilikuwa inasikika chini. Astère aliangalia mikono yake. Hata leo hajajibu.

Mabukwe akatandika salopeti juu ya mawe, akaipapasa mufuko. Halafu akamugeukia Astère.

«Mi siulize kitu. Mukaza wangu ndiye ataulizaka. Lakini uliandika we ni mutoto wangu, na franka za mutoto wangu ulikula kwa jina ile. Basi utaibeba. Kazi ya mudogo unaijua?»

Alijua. Siku ya kuganduka, mudogo wa marehemu ndiye analeta kinywaji, ndiye anaonja wa kwanza, ndiye anamupatia mujane muheha, ule murija wa kunywea. Mabukwe alitaka hivyo, mbele ya watu wote, kwa franka za pipa.

Siku ya tano, saa nane, Concilie alikuwa kwenye grefe na karatasi yake. Muzee akamupatia bik. Aliomba aone tena namba arobaini na moja. Alisoma mwenyewe, pole pole, wa tumbo moja. Alifikiria viatu vya Benite. Alifikiria mabati. Alifikiria zile sekunde kwenye barriere, na sauti yenye pengine ilitoka, pengine haikutoka. Saa tisa ikagonga. Akaweka bik chini, akasema muzee aache vile. Muzee akafunga kamba, akarudisha dosiye kwenye etajere.

Nyuma ya wiki tatu, Kinama, kwenye lupango, uwanja wa nyumba yao, majirani walijaa. Astère alileta mutungi ya impeke, pombe ya mutama, peke yake, kichwani, bila mutu wa kumusaidia, na hakuna mutu wa Kinama alimusalimia njiani. Mabukwe akamutambulisha kwa maneno matatu: huyu ni mutoto. Alitaja jina ya Révérien na tarehe tisa. Astère akaonja wa kwanza. Akainama, akamupatia Concilie muheha na mikono miwili.

Concilie asipokunywa, matanga haifungwe, na atakufa akiwa katikati. Akikunywa, anakunywa kwenye muheha yenye ilitoka kwenye mudomo ule, wenye siku ile hatujui kama ulifunguka. Karatasi ya kupinga bado ilikuwa kwenye kitenge chake, haina signature, imekuwa laini kama kitambaa. Alishika muheha mpaka povu ikatulia kwenye mutungi. Benite alikuwa anamuangalia.

Akakunywa.

Sasa we musomaji, na muheha mukononi, na mama ya marehemu anakuangalia, ungekunywa?