Kasha la Mashimo Thelathini na Sita

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, Kamati ya Kuboresha Huduma za Saratani ya Kanda ilikutana katika chumba cha mwisho cha korido ya hospitali, ukishapita stoo ya mashuka. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa plastiki, viti tisa, kimoja kikiwa na mguu mfupi, na kabati la chuma lililohamishiwa hapo kwa sababu dari ya maabara ilikuwa inavuja. Sista alikuwa akipanga vikombe. Katibu alikuwa akichonga penseli. Ndani ya kabati, chupa zilikuwa zikibisha hodi.

Hazikubisha kwa fujo. Kila moja ilibisha kama mgonjwa wake abishavyo mlangoni kwa watu. Moja ilibisha kwa ukucha, kama aliyekuja kuomba chumvi na anaona haya. Nyingine ilipiga kwa kiganja kizima, kama mwenye nyumba. Mwenyekiti alipofungua kikao aliinua sauti kidogo tu, kama mtu aliyezoea kuishi jirani na mashine ya kusaga.

Kitinda alikaa kwenye kiti cha mguu mfupi, maana hakupenda kumwachia mwenzake. Alikuwa mshona mapazia, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko, na jina hilo alipewa na mama yake kwa kuwa ndiye mtoto aliyefunga uzazi. Kwenye kamati alikuwa mwakilishi wa wanaouguza. Barua ya uteuzi ilisema sauti yake ni muhimu sana. Vikao vitatu vilikuwa vimepita na bado hajaitoa.

Masikio yake yote yalikuwa kwenye chupa moja, safu ya tatu, shimo la nne la kasha lililokuwa kabatini. Ilibisha mara mbili upesi, ikanyamaza, kisha ikabisha mara moja kwa uzito. Mama yake alikuwa matroni wa bweni kwa miaka ishirini na minane, na hivyo ndivyo alivyoamsha wasichana, kwa pete ya kidole cha kati. Nyumbani, kila Kitinda aliporudi kutoka kikaoni, mama aliuliza kitu kilekile.

"Nabisha vizuri?"

"Unabisha vizuri, mama."

Ndani ya kila chupa kulikuwa na kinyama kidogo ambacho daktari alikikata mwilini mwa mgonjwa na kukitia kwenye dawa kisioze. Hospitali ile haikuwa na wa kuvisoma kwa darubini. Vilisomwa hospitali kuu, mwendo wa saa saba kwa gari, na vilisafiri ndani ya kasha la mbao lenye mashimo thelathini na sita, sita kwa sita. Gari halikuondoka hadi kasha lijae. Kitinda aliwahi kupanda basi mwenyewe hadi hospitali kuu kuuliza kama anaweza kuileta ya mama yake mkononi. Mtu wa dirishani alimgeuzia daftari lake, kwa upole, akamwonyesha kwamba halina sehemu ya kuandika chupa. Lina sehemu ya kuandika kasha.

Na bila majibu ya hospitali kuu, daktari hakuwa na la kufanya. Alikuwa amemweleza Kitinda bila kumficha. Dawa zenyewe ni kali, alisema, akianza na isiyostahili itammaliza mgonjwa kabla ya ugonjwa. Kwa hiyo mama alikuwa anangoja, na uvimbe wake haukuwa unangoja. Hiyo ilikuwa wiki ya kumi na moja.

Jumatano hiyo mtu wa maabara, mwembamba, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega, alisimama kutoa taarifa.

"Thelathini na tano," alisema. "Bado moja."

Wajumbe walipiga makofi. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kinyama chake kingekatwa kesho yake asubuhi, na Ijumaa gari lingeondoka. Kitinda alishika utepe wake kwa mikono miwili asije akacheka mbele ya watu.

Kando yake aliketi Fundi Saa, mwakilishi wa wagonjwa, mzee aliyetengeneza saa za watu mjini tangu ujana na ambaye sasa koo lilimruhusu maneno machache kwa siku. Chupa yake ilikuwa safu ya kwanza, na ilibisha kwa mpigo uleule, bila haraka wala ajizi. Kikao kilikuwa kimefika ajenda ya pili, rangi ya sanduku la maoni, iwe kijani au buluu, ndipo ile chupa iliponyamaza. Nyingine ziliendelea. Lakini kila mtu alisikia, kama unavyosikia saa ya ukutani pale inaposimama.

Fundi Saa alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Pole, mzee wetu," alisema Mwenyekiti, kisha akamuuliza kama angependa kutoa maoni kuhusu rangi kabla hajaondoka.

Fundi Saa alifikiri. Alisema buluu, kwa sababu kijani kinapauka. Akatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, akaandika na saa ya kuondoka, saa tano kasoro dakika nane, akampa Kitinda mkono.

"Wewe wamekuandikia hadi barua kwamba una sauti," alimwambia kwa mnong'ono. "Usirudi nayo nyumbani."

Alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri. Mtu wa maabara hakuwa na sababu ya kungoja Ijumaa. Palepale kikaoni alifungua kabati, akaitoa ile chupa safu ya kwanza na kuitia kwenye mfuko wa koti. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Chupa ikinyamaza inatolewa, maana majibu yakija hayatakuwa na wa kuyapokea.

"Thelathini na nne," alisema, na Katibu akafuta ubaoni, akaandika upya.

Alhamisi iliingia chupa ya yule mama. Kufikia Jumatatu zilikuwa zimenyamaza mbili nyingine.

Nyumbani Kitinda alichukua chaki yake ya kukatia vitambaa, akapiga hesabu juu ya meza ya kazi. Kila mwezi ziliingia chupa saba au nane. Kila mwezi zilinyamaza saba au nane. Alijumlisha kwa kuanzia juu, akajumlisha kwa kuanzia chini. Halafu akaenda kumwambia mama yake, kwa sababu tangu utotoni hakujua kumficha kitu. Kasha lile lilikuwa na ukubwa kamili wa kutojaa.

Mama alicheka hadi ikabidi ashikwe mgongo.

"Basi hilo halina safari, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Lina abiria tu."

Kikao kilichofuata Kitinda alisimama. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi wa namba ya mwisho, ule mwembamba kuliko wote, lakini ilitoka. Aliomba kasha liondoke na zilizopo, hata kama ni thelathini na tatu. Kama hilo haliwezekani, chupa zilizonyamaza zisitolewe, zikae palepale ziwasaidie wenzao kujaza nafasi. Alieleza hesabu yake. Mtu wa maabara alitazama viatu vyake wakati wote akimsikiliza, kisha akathibitisha kwamba ni kweli, kwa miaka miwili kasha lilikuwa limeondoka mara mbili, zote mbili baada ya sikukuu, watu walipojitokeza kwa wingi.

Mwenyekiti alimshukuru kutoka moyoni. Alisema hii ndiyo faida ya kuwashirikisha wagonjwa na wanaowauguza. Hoja ilipokelewa. Katibu aliandika neno hilo na kulipigia mstari.

Mwezi uliofuata majibu ya hoja yalikuwa juu ya meza. Lilikuwa kasha jipya, la mbao iliyopigwa vanishi, lenye vipini vya shaba na mashimo sitini na manne. Ubavuni palikuwa na kibao kidogo kilichosema limetengenezwa kutokana na maoni ya wagonjwa na wanaouguza. Wakubwa walikuwa wamesoma muhtasari, wakaona kasha linalalamikiwa, wakaleta kasha bora zaidi. Wajumbe walilipapasa kwa zamu.

"Linapendeza," alisema Sista, maana ilibidi mmoja aseme kitu.

Kwenye mengineyo kulikuwa na jambo moja. Mgeni rasmi aliyekuja kulizindua hakusikika alipokuwa akihutubia, kwa sababu ya kelele za kabati. Mwenyekiti alikumbuka kwamba kamati ina fundi wa kushona. Je, Kitinda angeweza kulitengenezea kabati bitana nzito ya kumeza sauti? Huo, alisema, utakuwa mchango wa moja kwa moja wa wanaouguza.

Kitinda alipima kabati siku hiyohiyo. Ndiye aliyehamisha chupa kutoka kasha la zamani kwenda jipya, na ya mama yake akairudisha safu ya tatu, shimo la nne. Ilikuwa na uvuguvugu wa yai lililotagwa sasa hivi. Ilimbishia kiganjani mara mbili upesi, ikanyamaza, ikambishia tena mara moja.

Alifika nyumbani akiwa amekasirika, jambo ambalo kwake lilionekana kwa kuwa alikunja kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Alisema hataishona. Mama alimwomba miwani. Aliipapasa sponji, akavuta kitambaa kizito kuona nyuzi zake, kama alivyozoea kukagua mashuka ya bweni.

"Weka tabaka tatu," alisema.

"Mbili zinatosha, mama."

"Tatu, Kitinda. Asisikie chochote yule wa koti. Asiyejua aliyenyamaza, atamtoa nani?"

Kitinda alimtazama mama yake. Mama alikuwa akitafuta tundu la sindano kwenye mwanga wa dirisha, uso umetulia kama wa mtu aliyeshika funguo za mabweni yote.

"Isitoshe," mama aliongeza, "humo ndani kuna baridi."

Mama alishona vishikizo vyote vya ukingoni kwa mkono wake, kwa siku nne, hadi vidole vilipokataa.

Bitana ilipowekwa, chumba kilitulia kabisa, na wajumbe wakagundua kwa mara ya kwanza kwamba feni ya darini ilikuwa inalia. Kila Jumatatu mtu wa maabara aliweka sikio kwenye kabati kama kawaida. Hakusikia hata moja. Kwa kuwa hakuweza kuzitoa zote, hakutoa yoyote. Zikafika arobaini. Zikafika arobaini na nane. Mwezi wa tatu zilikuwa hamsini na tano, na muhtasari ukasema utulivu umeongeza ufanisi.

Kitinda alihamisha kiti chake cha mguu mfupi, akawa anakaa ameegemea kabati. Alibana mgongo kwenye chuma kikao kizima. Hakuna kilichompata zaidi ya baridi ya chuma. Kazi yake ilikuwa nzuri. Sasa hakujua hali ya mama yake hadi afike nyumbani, na njiani alitembea kwa kasi iliyowafanya watu wampishe.

Mama alifariki Jumapili mchana, redio ikiwa imewashwa, chai yake ikiwa nusu. Walimzika Jumatatu. Jumatano saa nne kamili Kitinda aliingia chumba cha mwisho cha korido, utepe shingoni, akakaa.

"Sitini na tatu," alisema mtu wa maabara. "Bado moja."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu, na kabla ya ajenda aliwauliza wawakilishi hali za wagonjwa wao. Alimfikia Kitinda. Alimuuliza mama anaendeleaje. Sista, ambaye alikuwa mazishini na ndiye aliyemshika mkono Kitinda njia nzima ya kurudi, alitazama ndani ya kikombe chake. Kwenye ubao palikuwa pameandikwa sitini na tatu kwa chaki nyeupe. Nyuma ya mgongo wa Kitinda, chini ya tabaka tatu, kulikuwa na chupa za watu ambao bado walikuwa wanauliza nyumbani kama wanabisha vizuri.

"Hajambo," alisema. "Anawasalimu."

Katibu aliziandika salamu kwenye muhtasari.

Alhamisi iliingia chupa ya sitini na nne. Ijumaa gari liliondoka. Baada ya wiki tatu majibu yalirudi kwenye gunia moja, bahasha sitini na nne, zimefungwa kamba kumikumi. Thelathini na moja hazikuwa na wa kuzipokea, zikawekwa kwenye droo ya Katibu. Ya thelathini na mbili Sista alimpa Kitinda koridoni, akamshikia mfuko wakati anaifungua. Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema ugonjwa ni wa aina inayosikia dawa, na kwamba matibabu yaanze mara moja. Kitinda aliikunja kwa mikunjo yake ileile, akaitia mfukoni kwenye chaki.

Jumatano iliyofuata kasha lilikuwa limerudi kabatini. Bitana ilikuwa imefuliwa na kuanikwa nyuma ya stoo, kwa hiyo chupa zilisikika. Zilikuwa tatu tu, ngeni, na zilibisha taratibu, kama watu wasio na uhakika wa nyumba. Katibu alikuwa akisoma muhtasari uliopita pale iliposikika hodi ya nne. Mbili za upesi. Kimya. Moja nzito.

Mtu wa maabara alifungua kabati. Alimulika kwa tochi safu ya tatu, shimo la nne, akaingiza kidole, akakitoa.

"Halina kitu," alisema, akafunga.

Katibu aliuliza kama linahesabiwa. Mwenyekiti alilitafakari, kisha akaamua kwamba shimo si chupa, na likaandikwa hivyo. Mtu wa maabara akatoa taarifa yake, kwamba ziko tatu na bado sitini na moja. Hodi ikapigwa tena.

"Karibu," alisema Kitinda kwa sauti ya chini, kama unavyomwitikia mtu wa nyumbani wakati mikono ina kazi.

Wakaingia ajenda ya pili, rangi ya sanduku la maoni, ambayo ilikuwa haijaamuliwa. Mwenyekiti alitaka kusikia upande wa wanaouguza.

"Buluu," alisema Kitinda. "Kijani kinapauka."