Kritiki ya Somo la Joviale

Watu husema mwalimu hufurahi mwanafunzi wake anapompita. Waliosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye dawati la nyuma, magoti yamebanwa, wakimtazama msichana waliyemfundisha wenyewe akiwapokonya darasa bila hata kushika chaki.

Msichana huyo ni Joviale. Nilimfundisha biolojia miaka yake yote ya sekondari, hapa hapa kwenye shule yetu ya Kadutu, na hadi leo huniita Papa, kwa heshima ya ukubwa. Alikwenda chuo kikuu, na mwaka jana akarudi akiwa mwalimu, na tableti, projekta ndogo ya kubeba mkobani na kisanduku cha sauti. Wanafunzi walimpenda tangu wiki ya kwanza. Kipya kinyemi, nilijiambia, kitachakaa. Hakikuchakaa. Mvua ikipiga mabati, sisi wengine huacha kufundisha na kungoja ipite, maana hata ukipiga kelele husikiki. Yeye huongeza sauti ya kisanduku chake na somo linaendelea. Mimi nilikuwa nasimama kimya, chaki mkononi, nikiisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta. Nilimwonea wivu. Sitafuti neno zuri zaidi.

Jina langu, Prof Sumaili, maana kwetu mwalimu wa sekondari huitwa prof, nililipata ubaoni. Moyo wa binadamu nauchora bila kitabu wala rula, chaki nyekundu kwa damu safi, ya buluu kwa damu inayorudi, na zamani watoto wa madarasa mengine walikuja kuchungulia dirishani. Moyo huo nimewachorea miaka yote watoto wa darasa la sita la sekondari, wale wa mtihani wa taifa. Kwetu, kupewa darasa la sita ndiyo heshima yenyewe. Wazazi wanakusalimu sokoni kabla hujawaona.

Mwaka huu Maman Françoise, prefe wetu, yaani mkuu wa shule, aliniita ofisini. Joviale atatoa somo la mfano, alisema, na walimu wakilikubali, darasa la sita ni lake. Mimi nitashuka la tatu. Aliniambia kwa upole sana, amenishika mkono kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Somo la mfano lina desturi yake. Mmoja anafundisha, sisi wenzake tunakaa nyuma ya wanafunzi. Wanafunzi wakitoka, kritiki inaanza: mdogo anasema kwanza, mkubwa anafunga, na kasoro aliyoitaja isipoondolewa au kurekebishwa, somo limeanguka. Aliyefundisha hafungui mdomo mpaka mkubwa amalize, la sivyo ataonekana hana adabu. Na mkubwa ni mimi.

Kati ya masomo yote ya biolojia, Joviale alichagua moyo. Nilijua ni makusudi. Jumamosi ya somo alivuta pazia, akawasha projekta, na ukutani mchoro ukaanza kujichora wenyewe, mistari inakimbia mbio, nyekundu na buluu, huku sauti yake ikieleza. Mchoraji hakuonekana, ila kivuli kilichopita huku na huku. Alipotaka alisimamisha, akarudisha nyuma, akamwuliza mtoto damu inaelekea wapi, kisha akaachia tena ili darasa lione kama mwenzao amepata. Wanafunzi walikuwa wameinuka nusu kwenye madawati. Nikaomba umeme ukatike. Ukakatika kweli, na projekta yake ikaendelea kwa betri.

Wanafunzi walipotoka, wenzangu walisifu. Jean-de-Dieu, mwalimu wa hesabu, alisema hajawahi kuuelewa moyo mpaka leo, na huyo ni mtu aliyefundisha jirani yangu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Zamu yangu ikafika. Nilisema sauti inasikika na mpangilio ni mzuri, kwa sababu desturi inataka uanze na sifa. Kisha nikaushukia mchoro. Nikasema aliyeuchora alikuwa na haraka, alitaka kuonekana fundi kuliko kufundisha. Mshipa mkubwa umevimba kama bomba la maji. Kuta za moyo amezilinganisha ili zipendeze, wakati kila mtu anajua ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Nikasema huyo ni mtu anayejipenda, na mtoto akimfuata kwenye mtihani wa taifa ataanguka. Joviale aliinamisha kichwa. Mara kwa mara alimtazama Maman Françoise kana kwamba anaomba ruhusa ya kusema, na ruhusa haikuja. Nilidhani ameshindwa, nikaongeza.

Nilipokaa, akapewa nafasi. Hakujitetea. Aliiweka ile video tena, sasa bila kuiharakisha, bila sauti yake, na bila kuikata pembeni. Mchoro ukaja polepole. Pembeni ukaonekana mkono wa shati, saa ya mkanda wa ngozi, na sauti yangu ya miaka ile ikasikika ikiwaambia watoto wanyamaze.

"Nilikuwaka mu sixième, nilificha telefone mu cahier," alisema taratibu, yaani akiwa darasa la sita alinirekodi kwa simu aliyoificha ndani ya daftari. "Ile mukono ni yako, Papa. Njo maana nilipenda biologie. Nilizani utaijua."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Jean-de-Dieu alitazama viatu vyake. Maman Françoise aliniuliza, kwa upole ule ule, kama kritiki yangu ibaki au naiondoa.

Nikautazama ukuta. Nilikuwa nimesema kweli. Miaka yote hiyo mdomo wangu ulifundisha kwamba upande wa kushoto ni mnene, na mkono wangu ukachora kuta zinazolingana kwa sababu zilipendeza. Hakuna aliyewahi kuligundua kosa hilo, kwani kengele ikilia ubao hufutwa.

"Ibaki," nikasema. Sikusema kwa ajili ya ukweli. Nilisema kwa sababu somo likianguka, darasa la sita lingebaki langu, hata kama tungeanguka wote wawili.

Joviale hakukasirika. Alichukua kalamu ya tableti, akasogea pembeni nisikose kuona, na mbele ya walimu wote akanenepesha ukuta wa kushoto juu ya mchoro wangu, taratibu, kwa mkono uliotulia. Kisha akapunguza ule mshipa.

"Iko sawa sasa, Papa?"

Maman Françoise alinigeukia. Wote walikuwa wanangoja mkubwa afunge. Nilitafuta kasoro, naapa niliitafuta kwa macho yangu yote. Mchoro ulikuwa wangu, na sijawahi kuuchora vizuri namna ile.

Nikasema iko sawa, na darasa la sita likawa lake.