Mtihani wa Ampli Mbili

Mama Ernestine alikuwa amekwisha kutoa neno lake, wala hakuwa mtu wa kulirudia. Kati ya ampli zake mbili, masanduku ya kukuza sauti, orkestra ingeazimwa moja tu. Nyingine, siku ya Jumamosi, ingevushwa mpaka pamoja na mwanawe, aliyekuwa akifungua baa huko Bujumbura. Baa ya mama mwenyewe, pale mtaa wa Mulongwe, ilikuwa imefungwa tangu waasi walipoingia Uvira. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na saba, na waasi walikuwa wamerudishwa nyuma hadi milima ya Fizi, lakini viti vya baa vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza.

"Mutachagua leo," alisema. "Kesho minye sitaki kelele."

Léopold, kiongozi wa orkestra, aliyazunguka yale masanduku mawili taratibu, mikono nyuma. Alikuwa amelelewa katika shule ya bweni ya mapadri, na humo alifunzwa kwamba jambo lisilopimwa halijajulikana. Ampli ya kwanza ilikuwa nzito, na nyuma yake vilipangwa vichupa vya kioo ambavyo, umeme ukiingia, viliwaka polepole rangi ya makaa. Mpaka vipate moto, sanduku halikutoa hata mnong'ono. Ya pili ilikuwa mpya, ya transista. Hakuna kilichowaka ndani yake, na kitufe kikibonyezwa ilisema papo hapo. Iliwezekanaje vitu viwili vilivyotofautiana hivyo vifanye kazi moja? Swali hilo lilimwasha Léopold tangu asubuhi.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza Étienne, mpiga gitaa. "Ile ya taa ndiyo ampli. Hiyo ingine ni redio iliyonenepa."

"Hatutachagua kwa macho," alijibu Léopold. "Kule bweni, karatasi ya mtihani ilibeba namba, haikubeba jina la mtoto. Ampli nazo zitapewa namba."

"Haya! Bwana Prefe wa shule ameamka."

Félicité, mwimbaji wao, hakucheka. Jumapili hiyo kungekuwa na sherehe ya shukrani huko Runingu, bondeni, kwa kuwa jamaa zilizokimbilia vilimani na ng'ambo ya mto Ruzizi zilikuwa zimeanza kurudi. Watu wa vijiji vya Lubarika na Nyakabere nao walialikwa. Kaka yake, Sylvestre, aliyekohoa usiku kucha tangu utotoni, alipotea katika barabara ya bonde wakati wa mtafaruku wa mwaka wa sitini na nne, na tangu hapo hapakupatikana wa kusema yu hai au amekufa. Félicité alikuwa amelitia jina lake katika wimbo, pamoja na jina la baba yao na la kijiji, na swali: nani amemwona? Hapakuwa na siku nyingine ambayo angeweza kuliuliza bonde zima kwa mara moja.

Léopold akaziwasha ampli zote mbili mapema, ili uzito wa kuamka wa ile ya taa usiifichue. Akazifunika blanketi, akawaamuru waamuzi wageukie ukuta, naye akageuka pamoja nao. Étienne, ambaye pia alitakiwa kufumba macho, alipiga kipande kilekile katika kila moja, huku mpiga ngoma wao akimchomekea waya.

Namba moja ilitoa sauti safi, kavu, iliyonyooka. Namba mbili ilitoa sauti nene iliyoviringana, kila noti ikiingia katika nyingine kama asali katika uji. Wote wakachagua namba mbili: Léopold, Mama Ernestine, hata Félicité. Blanketi lilipoondolewa, namba mbili ndiyo iliyokuwa na vile vichupa viking'aa. Étienne akacheza hatua kadhaa katikati ya viti.

"Sasa niimbe," alisema Félicité.

"Mtihani umefungwa," alisema Léopold.

"Yaya Léopold," alisema Félicité, akimwita kaka mkubwa, "umetahini gitare peke yake. Minye na gitare tunapita mu sanduku moja."

Ilikuwa kweli. Orkestra za mwambao huu zilipiga kwa ampli moja, kipaza sauti na gitaa vikichomekwa ubavu kwa ubavu. Léopold aliyafanya hayo kila wiki, na bado aliyasahau, kwa sababu alikuwa akisikiliza kilichompendeza. Kiburi chake kilimchoma. Lakini swali jipya lilikuwa kubwa kuliko kiburi: sanduku hulifanya nini neno?

"Imbeni kwa ile ya taa, na kitufe cha sauti mkifungue kama mko uwanjani," alisema. "Nikipiga mluzi, mbadilishe."

Akatoka, akateremka hadi karibu na ziwa, umbali wa uwanja wa Runingu kwa kukadiria. Hapo Mama Kankindi, muuza samaki, alikuwa akigeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, waliotandazwa juani. Wimbo ukafika, mtamu ajabu. Léopold alilisikia jina la Sylvestre waziwazi; kisha akajikanya, kwani wimbo wenyewe aliujua kwa moyo, na sikio lake halikufaa kuwa shahidi.

"Mama, huyo anaimba nini?"

"Anaimba vizuri."

"Maneno gani?"

"Weye ndiye ulisoma, unaniuliza minye? Nasikia utamu tu."

Akapiga mluzi. Gitaa likaja jembamba, kama kijiti juu ya sufuria, na Léopold akakunja uso. Lakini mkono wa Mama Kankindi ulisimama juu ya samaki.

"Huyo Sylvestre," alisema, "iko wapi? Alipatikana?"

Léopold alirudi kwenye baa akitembea haraka, akaweka mkono juu ya ampli ya transista.

"Hii."

"Gitare yangu italia kama sufuria!" alifoka Étienne.

"Italia kama sufuria."

"Watu watanicheka!"

"Watakucheka."

"Bebeni," alisema Mama Ernestine, "kabla hamujaanza kutahini na viti."

Jumapili, huko Runingu, jenereta ya parokia ilinguruma nyuma ya kanisa, na Étienne alipiga gitaa uso ameugeuzia kando, kama mtu aliyelazimishwa kunywa kwinini. Félicité aliimba. Alipofika kwenye majina, mzee mmoja wa Nyakabere akainuka, mkono juu.

"Simamisheni gitare!"

"Nilijua," alinung'unika Étienne.

"Weye dada, rudia jina la baba yake."

Félicité alilirudia bila muziki. Mzee akasogea mbele.

"Huyo iko ng'ambo ya Ruzizi, kwa shemeji yangu. Analima muhogo. Anasema watu wa kwao waliisha wote."

Félicité akauliza jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote.

"Anakohoa bado?"

"Anakohoa?" Mzee alipiga makofi. "Shemeji amemuhamisha jikoni, watu wapate kulala!"

Watu wakaangua kicheko. Félicité akaketi juu ya ampli, kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwake, na uwanja mzima ukamsikia akilia.