Mshauri wa Tatu

Kila Jumatatu Mama Wael alishuka ngazi, akaingia kwenye gari lao lililoegeshwa nje ya jengo, pale mjini Saida, Lebanoni, akampigia kwa video mshauri wake wa afya ya akili. Hakutaka mumewe asikie. Tangu watoto wao wahamie ng'ambo, moyo ulikuwa ukimwenda mbio bila sababu, na Ghinwa, yule mshauri, ndiye pekee aliyejua.

Jumatatu moja Ghinwa alisitasita.

"Mama Wael, viza yangu imetoka. Nahamia Kanada."

"Na wewe pia?"

"Nitakutafutia mwenzangu mzuri."

"Mshauri wangu wa kwanza alikwenda Ufaransa, wa pili Dubai. Nimechoka kusimulia upya, binti yangu."

Ghinwa akaanza kulia. Mama Wael akajikuta yeye ndiye anayembembeleza.

"Nenda tu. Mimi siku hizi nalala vizuri."

Ulikuwa uongo. Walipoagana, kifua kikambana na mikono ikafa ganzi. Mumewe akapiga simu kutoka nyumbani juu, akidhani mkewe yuko matembezini, akiuliza kama atapitia dukani kununua mkate.

"Nakuja," akamjibu, lakini akabaki palepale kitini. Hata nguvu ya kufungua mlango hakuwa nayo.