Mji Uliotenga Vikombe

Siku hiyo nilibishana na watu tangu asubuhi. Mama mkwe wangu alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Mhudumu wa afya akataka mwanangu Tusekile, anayelala naye kitanda kimoja, apelekwe kupimwa, na mume wangu akakataa katakata. "Mtoto mnene hivi, hakohoi, unampeleka ukamtangaze?" Kikombe cha mama kilishatengwa, kwake hiyo ilitosha. Jioni nikajitupa kochini na hasira zangu, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika mji wa milimani wenye baridi kali, ambako nje ya kila mlango kilining'inia kikombe kimoja kwa kamba, na kila dirisha lilizibwa kwa matambara. Mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni akanijia kwa haraka. "Mimi ni Udadisi," akasema. "Huku wananiita mbea, lakini nikigonga mlango nauliza jambo moja tu: nani analala na nani? Nifuate, mwanangu, wala usiogope kutukanwa." Tukagonga nyumba kubwa kuliko zote. Akafungua Bwana Fahari, suti imempwaya, mkononi anasugua kikombe kwa majivu. "Sisi watu safi. Vyombo tumetenga. Nendeni kwa akina Umaskini huko bondeni!"

"Vyombo nimeviona, baba," Udadisi akajibu kwa upole. "Na pumzi, mmeitenga?"

Fahari akazidi kusugua kikombe chake. Nyuma yake pumzi za wote waliomo zilikuwa zimefanya ukungu mmoja wa kijivu, ukitoka kinywa hiki na kuingia kile, mpaka kwa watoto wanene waliokuwa wakikoroma kwa raha. Na kifuani mwa mmoja wao cheche ndogo imetulia, haina haraka. Mtoto akageuka. Alikuwa Tusekile. "Imelala," Udadisi akaniambia, "na huu ndio wakati wa kuizima. Au unangoja ikohoe?"

Nikaamka nimeshaelewa. Tulikuwa tunalinda kikombe, kumbe ugonjwa unapita hewani, na hewa yenyewe tumeifungia ndani kwa kuogopa baridi. Nikaenda kufungua dirisha la mama.

"Unaniua, we Mama Tusekile!"

"Nakuongezea blanketi, mama."

Kisha nikamkabili mume wangu sebuleni. "Baba Tusekile, kesho mtoto anakwenda kupimwa, na mimi na wewe pia. Ukiona aibu, vaa kofia."

Akanitazama, akacheka bila kupenda. "Kofia yenyewe umeiweka wapi?"