Ngano ya Harusi ya Emérence

Soko la Sake lilikuwa limejaa tangu asubuhi, na Mama Pétronille alikuwa amekwisha kumchosha kila mwenye gunia. Hili linanuka panya. Hili lina changarawe. Hili, ukizamisha mkono hadi kiwiko, unahisi ubaridi wa unyevu chini kabisa, hata kama punje za juu zinang'aa vizuri. Mwaka ule wa 1952 hii ilikuwa mara yake ya tatu kuteremka kutoka Nyabiondo kutafuta ngano ya harusi ya binti yake. Mara mbili za kwanza alirudi mikono mitupu, na harusi ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena.

Sebarenzi, muuzaji aliyeiteremsha ngano yake kutoka mashamba ya juu milimani, alimwangalia akitumbukiza mkono katika gunia la nne.

"Mama, unatafuta ngano ao unatafuta kasoro?"

"Natafuta ngano ya kusaga. Ile yenye maji haisagike, inapakaa jiwe tu."

"Basi uma moja, tusikie."

Akaiweka punje kati ya magego, akaiuma. Ilipasuka kwa mlio mkavu. Akachukua nyingine kutoka chini kabisa, nayo ikapasuka vile vile. Nyuma yake alikuwa amesimama Emérence mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kama marehemu baba yake, amekodolea macho taya za mama yake kana kwamba hukumu inatokea humo.

"Iko mukavu," alisema Pétronille hatimaye, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida.

Wakachukua magunia mawili. Kamio, lori la mizigo, iliwapandisha hadi Masisi, na kutoka pale ngano ikagawanywa katika vikapu, ikabebwa mgongoni kwa kamba ya paji la uso hadi nyumbani. Emérence alipanda vilima akiimba. Mama yake alisema kwamba kuimba ukiwa na mzigo kunamaliza pumzi.

Ahadi ya mkate wa harusi Pétronille aliitoa mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amefanya kazi miaka minane jikoni kwa masista, na huko ndiko alikojifunza kuoka. Tangu mume wake afariki, mkate wake ulikuwa ndio sifa yake kwenye vilima vyote vya Nyabiondo. Unga wa dukani hakuugusa. Ule, alikuwa akisema, umelala miezi melini, na mkate wake una ladha ya gunia. Yeye alinunua punje nzima, akazitunza mwaka mzima, akasaga juu ya jiwe kiasi cha siku ile tu, akaumua kwa machicha ya kasiksi, pombe ya ndizi. Basi siku wakwe walipokuja kutoka Walikale kumchumbia Emérence, alisimama mbele ya watu wote akasema binti yake hatatoka katika nyumba hii bila mkate wa ngano iliyosagwa humu humu. Watu walipiga makofi. Wakwe walisema hiyo ni heshima kubwa. Pétronille akaketi. Alikuwa ameona mlango wa kutokea: ngano isipopatikana, harusi haifungwi.

Walikale ilikuwa siku tano kwa miguu, na siku tatu kati ya hizo ni msitu mtupu. Jirani yake aliozesha binti huko. Katika miaka sita alimwona mara moja. Pétronille alikuwa amezaa watoto wanne na kuzika watatu. Hakumchukia Benoît, yule kijana mchumba, wala hakuwa na neno baya juu ya ukoo wake. Aliogopa tu, na hofu ile ilikaa tumboni mwake usiku na mchana kama chakula kisichosagika.

Sasa ngano imepatikana. Akaianika siku tatu juu ya mikeka, akaipeta kwa ungo mpaka makapi yakaisha, akaitoa kila punje iliyovunjika, kwa sababu fukusi huanzia kwenye zilizovunjika. Emérence alishauri waichanganye na majivu kama maharage.

"Majivu ni ya maharage," alijibu. "Ngano yenye majivu utaiosha, na ukiiosha umeiharibu."

Akaimimina ndani ya vihenge viwili, vikapu vikubwa vilivyopakwa samadi ya ng'ombe ndani na nje, akaviweka juu ya uchanja upande wa jiko, pale ambapo moshi unafika wa kutosha kufukuza wadudu lakini hautoshi kuingia katika ladha. Akavifunika. Ilikuwa kazi safi, na hata yeye hakuweza kuitafutia dosari. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza.

Hakuweza kukaa. Alichukua ufagio akafagia ua uliofagiliwa. Alikwenda mtoni na mtungi uliojaa nusu, akaumwaga, akaujaza upya. Alifunua vihenge asubuhi, akafunua saa sita, akazamisha mkono, na kila mara ngano ilikuwa baridi na kavu na nzuri ajabu. Kisha ukaja ujumbe: Mama Dorothée, mama yake Benoît, alikuwa anajiandaa kuja na watu wake. Wangefika baada ya siku nane.

Kesho yake Emérence alikwenda shambani kuvuna maharage. Pétronille alisimama katikati ya nyumba, akasikiliza. Nje hapakuwa na mtu. Akauchukua mtungi wa maji, akapanda juu ya kigoda, akamimina nusu katika kihenge cha kwanza na nusu katika cha pili. Maji yalizama kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza. Ngano ile ilikuwa chakula, na yeye hakuwahi kutupa hata punje moja ya chakula tangu azaliwe. Hata hivyo alimimina mpaka tone la mwisho, na mikono yake ikamalizia kazi kwa haraka, ikafunika kila kitu kwa majani, naye akatoka nje kupalilia mahali pasipo na magugu.

Siku ya pili alitia mkono: vuguvugu. Siku ya tatu: moto hasa, na harufu ya utamutamu. Alifurahi, kisha akajiona mwovu kwa kufurahi, kisha akafurahi tena. Siku ya nne Emérence alisema leo anaanza kusaga, na kabla mama yake hajapata sababu ya kumzuia, alikuwa amekwisha kukishusha kihenge.

"Mama, kuya uone."

Ngano yote ilikuwa imetoa vijizizi vyeupe, vimeshikana kama nywele ambazo hazijachanwa.

"Ile paa!" Pétronille alipiga kelele, mikono kichwani. "Nilisemaka ile paa inavuja! Sasa tutafanya je? Harusi itangoja mavuno mengine, haiko namna!"

Emérence aliinua macho kutazama paa. Masizi yalining'inia makavu, hakuna hata alama ya tone. Kisha akatazama kile alichokuwa amekiondoa juu ya ngano na kukiweka chini bila kukifikiria. Yalikuwa majani mabichi ya mgomba, yaliyopashwa moto ili yalainike, yamefunikwa juu ya punje na kingo zake zote nne zimekunjwa kwa ndani. Hivyo ndivyo kila mwanamke wa vilima hivi anavyofunika mtama uliolowekwa ili uote kwa ajili ya pombe. Pétronille alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni, mwaka baada ya mwaka, na mikono yake ilikuwa imeifanya kazi yake bila kumwuliza. Alitaka kuiozesha ngano. Badala yake aliilea.

"Paa haikunjake majani," alisema Emérence.

Pétronille aliiteremsha mikono kutoka kichwani. Alingoja kelele. Alingoja machozi, matusi, hata kihenge kupigwa teke. Binti yake alizitenganisha punje kwa vidole, taratibu.

"Haikuoza," alisema. "Imeota tu. Tutaianika."

"Mukate ya ngano yenye kuota haiinuke. Tutapata haya mbele ya batu."

"Tutaianika, Mama."

Wakaianika. Kwa siku tatu Emérence aliisugua mpaka vijizizi vikaanguka, akaisaga, akaichekecha kwa kitambaa, na kwa siku tatu hakusema lolote isipokuwa leta maji, sogeza kuni. Pétronille alizunguka naye kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alifungua mazungumzo juu ya mvua, yakafa. Alijisemea mwenyewe kwa sauti kwamba mama mwingine ni mjinga, akangoja kuulizwa mama yupi. Hakuulizwa. Angepigwa kofi angeshukuru, maana kofi lingekuwa jibu, naye angelia na kusema yote.

Mama Dorothée aliwasili na nyama iliyokaushwa kwa moshi, chupa za mafuta ya mawese, na miguu iliyovimba. Harusi ikafungwa kanisani, na mchana mkate ukawekwa mezani. Haukuinuka. Ulikuwa mfupi, mweusi, mzito, katikati unanata kwenye kisu. Pétronille aliinamisha macho. Miaka yote ya sifa, na leo ndiyo siku yenyewe.

Mama Dorothée alitafuna, akachukua kipande cha pili.

"Mama Emérence, hii mukate uliwekamo asali?"

Emérence ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikata vipande vingine.

"Hapana, Mama. Ndio vile mama yangu anaitengenezaka kwa siku kubwa."

Wageni wote wakaula, na mabaki yakafungwa kwa ajili ya safari. Pétronille alipokea pongezi kama mtu anayepokea makaa mikononi. Alikuwa amefichiwa aibu na yule yule ambaye yeye alimtendea ubaya, na hakujua aiweke wapi aibu hiyo.

Asubuhi ya pili wakaondoka. Mama wa bibi harusi hasindikizi mbali, kwa hiyo Pétronille alikomea mwisho wa migomba yake, pale njia inapoanza kuteremka. Wakwe walitangulia. Benoît alimpa mikono yote miwili kwa heshima, akawafuata. Emérence alibaki nyuma, kikapu mgongoni.

"Mama, nikuambie neno moja."

"Sema." Alijiandaa kulaumiwa. Hatimaye.

"Miezi mitatu nilikaa nangoja uniombe nibakie. Benoît alikubali. Aliniambia, kama Mama anaogopa kubakia peke yake, tutajenga hapa kwenu. Kila siku nilijisemea, leo ataniomba. Weye ulikuwa unasema tu ngano, ngano iko mubichi, ngano iko na mawe. Sasa baba yake Benoît amekwisha kutukatia shamba kule Walikale, na nyumba iko tayari."

Chini kwenye njia mtu aliita jina la Emérence. Neno lilikuwa pale, kwenye ulimi wa Pétronille, bakia, neno dogo ambalo hata mtoto wa miaka miwili analijua. Aliangalia kule mbele, vilima vinapoisha na msitu unapoanza, na mawingu yaliyokuwa yameanza kujikusanya juu yake.

"Enda, mwanangu," alisema. "Mvua itabapata njiani."

Emérence hakuondoka mara moja. Alisimama kidogo zaidi, akimtazama mama yake usoni, kana kwamba anangoja neno jingine. Kisha akaiweka sawa kamba kwenye paji la uso na kuwafuata wenzake.